Mbu wa Mchana na Mama Mjamzito: Mwongozo wa Kujikinga na Zika Ukiwa Kisumu

Ilikuwa saa kumi alasiri, uani kwa mama mmoja wa Manyatta mwenye mimba ya miezi mitano. Aliketi kwenye kigoda akichambua kunde, nami nilikuwa nimepita kumtazama miguu kwa sababu ilianza kuvimba. Nilipoinama nikamwona mbu ametua kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, mweusi, miguu yake ina pete nyeupe. Nikampiga. "Mbu hawanisumbui, sista," akaniambia. "Nilipewa neti kliniki na nalala ndani yake kila siku."

Alisema kweli. Neti ilining'inia juu ya kitanda, imechomekwa chini ya godoro, haina tundu hata moja. Lakini ilikuwa saa kumi alasiri, na yeye hakuwa kitandani.

Mimi ni mkunga, na nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya neti ile. Huku kwetu ziwani tumefundishwa malaria tangu shuleni, na ni vizuri, kwa sababu malaria inawamaliza damu wajawazito na kuwafanya wajifungue watoto wasiofika kilo mbili na nusu. Ila somo hilo limetuachia wazo lenye hatari: kwamba mbu ni kazi ya usiku. Zika inaenezwa na mbu mwingine kabisa, anayeuma mchana, anayezaliwa kwenye maji tuliyoyateka wenyewe, na ugonjwa anaoleta mara nyingi hauonyeshi hata dalili moja kwa mama. Anayekuja kuuonyesha ni mtoto.

Zika ni nini, na ni ya nani

Jina hili lilitoka ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Zika ni msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda. Mwaka 1947 watafiti waliokuwa wakiifuatilia homa ya manjano walimweka tumbili msituni humo, akapata homa, na kwenye damu yake wakakuta virusi ambavyo havijawahi kuonekana. Mwaka 1948 wakavipata tena, safari hii ndani ya mbu wa msitu huo. Kufikia mwaka 1952 ilijulikana kwamba binadamu pia huambukizwa, Uganda na Tanzania. Kisha ugonjwa ukasahaulika kwa zaidi ya nusu karne, ukihesabiwa kuwa homa ndogo ya siku chache.

Mwaka 2007 uliibuka kisiwani Yap katika bahari ya Pasifiki, mwaka 2013 ukafika Polinesia ya Ufaransa, na mwaka 2015 ukaingia Brazil. Huko, kaskazini mashariki mwa nchi, wakunga na madaktari wa watoto walianza kupokea vichanga wenye vichwa vidogo kupita kawaida, mmoja baada ya mwingine. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Dharura hiyo iliondolewa Novemba mwaka huo huo, lakini virusi havikuondoka. Cabo Verde na Angola vimefika. India vimerudi mara kadhaa, Kerala mwaka 2021 na Pune mwaka 2024, na India ndiko jamaa zetu wengi huenda kutibiwa.

Kenya haijapata mlipuko kama ule wa Brazil, na sitaki mama yeyote asome hapa akakosa usingizi. Ninachotaka ajue ni kwamba mbu mwenyewe, Aedes aegypti, tunaye. Watafiti wamemkamata Kisumu mjini na wamemkamata Chulaimbo, nje ya mji. Ndiye aliyewaletea watu wa Mombasa homa ya dengi mwaka 2013 na chikungunya mwisho wa mwaka 2017, na ndiye mwenye kubeba homa ya manjano. Kwa hiyo kazi nitakayokueleza haitapotea hata kama Zika haitawahi kubisha mlango wako.

Namna inavyomdhuru mtoto ni hii. Virusi huingia kwenye damu ya mama, vinapenya kondo la nyuma, vinamfikia mtoto, na vinapenda zaidi zile chembe changa ambazo ubongo hujengwa kwazo. Chembe zikifa, ubongo unasimama kukua. Fuvu la mtoto halikui lenyewe, linasukumwa na ubongo kutoka ndani. Ubongo ukisimama, fuvu nalo linasimama, na pengine linabonyea kwa sababu kilichokuwa ndani kimepungua. Ndiyo maana tunapima kichwa: ni njia rahisi ya kuuona ubongo bila mashine.

Si kila mama aliyeambukizwa huzaa mtoto mwenye shida. Kati ya mama 100 walioambukizwa wakiwa na mimba, watoto 5 hadi 15 hivi ndio wanaokutwa na madhara. Hatari ni kubwa zaidi miezi mitatu ya kwanza, lakini haiishi hapo. Inaweza kutokea wakati wowote wa mimba. Pia haijalishi kama mama aliugua au hakuugua. Watu 4 kati ya 5 hawahisi chochote.

Hatua ya kwanza: mtungi

Naanza na mtungi kabla ya dawa, kabla ya kliniki, kwa sababu hapa ndipo mama ana nguvu kuliko daktari.

Kisumu tunakaa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado mfereji unakauka siku tatu mfululizo. Kwa hiyo kila nyumba Nyalenda, Obunga, Manyatta, Nyamasaria ina akiba: pipa la bluu uani, mitungi ya lita 20 imepangwa ukutani, karai chini ya mabati kukinga mvua, ndoo jikoni. Mbu wa malaria hupenda madimbwi, mashamba ya mpunga ya Ahero, na maji yaliyosimama kwenye nyayo za ng'ombe. Mbu wa Zika hayataki hayo. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo, yenye kivuli, karibu na watu. Kwa maneno mengine, anataka akiba yako. Tena hasafiri mbali. Mara nyingi mbu anayekuuma mchana alizaliwa kwako au kwa jirani wa ukuta wa pili.

Chukua tochi ya simu, umulike ndani ya pipa. Angalia kwanza maji. Ukiona vidudu vyembamba vinavyojipinda na kuning'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, hao si watoto wa mbu wa malaria. Wale wa malaria hulala bapa, sambamba na uso wa maji. Wanaoning'inia ni mbu wa mchana au wale mbu wa kawaida wa mitaro, na wakikutwa ndani ya pipa la maji safi, wachukulie kuwa ni wa mchana.

Sasa inua tochi kidogo, uangalie ukuta wa pipa, upana wa vidole viwili juu ya maji yalipoishia. Pitisha kidole. Kama kuna vidoadoa vyeusi, vidogo kama masizi ya sufuria, vimeshika kwenye plastiki na haviondoki kwa kumwagiwa maji, hayo ndiyo mayai. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunamwaga maji, tunafurahi, tunateka mengine. Mayai yamebaki pale pale ukutani, na yana uwezo wa kukaa makavu kwa miezi mingi bila kufa. Siku pipa litakapojaa tena na maji kuyafikia, yanaanguliwa.

Kwa hiyo: mwaga, kisha sugua. Tumia brashi ngumu, au gunia kuukuu, au nyuzi za katani, pamoja na sabuni. Sugua ukuta wote wa ndani, hasa ule mstari wa maji, na ukingo wa juu unapoingiliana na kifuniko. Suuza, na maji hayo yamwage juu ya udongo mkavu mahali penye jua, usiyamwage mtaroni. Fanya hivi mara moja kila wiki. Nasema wiki kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10 hivi kwa joto la huku kwetu. Ukisugua kila Jumamosi, hakuna atakayefikia kupata mabawa. Ukisugua kila wiki mbili, umewalea.

Kusugua pipa si kazi ya mama mwenye mimba ya miezi minane. Ni kazi ya mume, au ya kijana wa nyumbani, na kama huna, mweleze mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lako akusaidie kuzungumza na majirani. Nimeona ploti moja ambapo wapangaji sita walikubaliana kupokezana, kila Jumamosi nyumba moja inasugua mapipa yote ya ploti. Hawakuhitaji mkutano wa chifu.

Tenki ambalo haliwezi kumwagwa lifunikwe kabisa. Kifuniko cha plastiki kilichopinda hakitoshi, mbu hupita penye upana wa punje ya mtama. Funga kipande cha neti kuukuu au shuka juu ya mdomo, kaza kwa mpira wa baiskeli, kisha weka kifuniko juu yake. Na ule mdomo wa bomba linaloingiza maji ya mvua kutoka kwenye mabati nao ufungwe neti; wengi huusahau.

Halafu zunguka nyumba. Matairi kwa fundi wa boda ndiyo nyumba bora kuliko zote kwa mbu huyu, kwani maji yanaingia ndani na jua haliyafikii. Yatobolewe, au yawekwe chini ya paa, au yajazwe mchanga. Makopo, vifuu, sahani ya chini ya chungu cha maua, bakuli la maji ya kuku, mfereji wa mabati uliozibwa na majani ya mwembe, viatu vilivyotupwa. Masika yakianza Machi, zunguka mara mbili kwa wiki.

Hatua ya pili: mwili wako mchana

Mbu huyu huuma zaidi kuanzia kunapopambazuka hadi kama saa nne asubuhi, kisha tena kuanzia alasiri hadi jua linapozama. Anapenda vifundo vya miguu na nyuma ya goti, anakuja kimya, na mara nyingi humsikii mpaka ameshiba. Katikati ya siku hupumzika mahali penye giza: chini ya kitanda, nyuma ya pazia, kwenye nguo zilizotundikwa mlangoni. Kunja nguo uziweke kwenye sanduku.

Vaa dera refu au leso mbili, na soksi nyepesi unapoketi uani jioni. Kuhusu mafuta ya kujipaka, akina mama huniuliza kama yatamdhuru mtoto tumboni. Yale yenye DEET, ikaridini au IR3535 yanaruhusiwa wakati wa mimba ukifuata maandishi ya kwenye chupa. Soma kama moja ya majina hayo yameandikwa kabla hujalipa. Jipake sehemu zilizo wazi tu, si chini ya nguo, na unawe mikono kabla ya kula. Ukilala mchana, na mjamzito ana haki ya kulala mchana, shusha neti. Neti ile ile ya usiku inafanya kazi saa nane mchana. Mtoto akizaliwa, alazwe ndani ya neti mchana kutwa. Mafuta ya mbu hapakwi mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili.

Moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma utumie nje, au uache kabisa kama una pumu. Chumba kimoja cha mabati kilichofungwa usiku kucha na moshi ndani si mahali pa mjamzito.

Hatua ya tatu: mume na safari

Hapa tunaona haya, lakini lazima lisemwe. Zika huambukizwa pia kwa kujamiiana, na mwanamume anaweza kuibeba kwenye manii muda mrefu baada ya damu yake kuwa safi, hata kama hakuugua. Kama mume wako ametoka nchi ambayo Zika inaenea na wewe una mimba, tumieni kondomu kila mara au msikutane mpaka ujifungue. Si wiki mbili, ni mimba nzima. Kama huna mimba bado na mnataka mtoto, mwanamume asubiri miezi 3 tangu arudi, na mwanamke akiwa ndiye aliyesafiri asubiri miezi 2.

Mama anaweza kuogopa kwamba akitaja kondomu nyumbani ataonekana anamshuku mumewe. Kuna aliyenieleza alivyoanza, nami nawapa wengine maneno yake: "Baba Achieng, si wewe ninayekuogopa, ni mbu aliyekuuma huko ulikokuwa." Mume alicheka, akakubali. Ikishindikana, njoo naye kliniki, mwache sista aseme.

Na kama ni wewe unayepanga kusafiri kwenda nchi kama hiyo ukiwa na mimba, ahirisha ukiweza. Chanjo ya Zika haipo.

Hatua ya nne: ukihisi homa

Zika inapoonyesha dalili, huanza kati ya siku 3 na 14 baada ya kuumwa: homa ndogo isiyopanda sana, vipele vinavyowasha mwilini, macho mekundu yasiyo na tongo, maumivu ya viungo hasa vya mikono na miguu, kichwa kuuma. Siku 2 hadi 7 inaisha.

Lakini sikiliza vizuri. Ukiwa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia au Kakamega na una mimba na una homa, jambo la kwanza ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, upimwe damu. Usianze na duka la dawa. Zika ni nadra kumuua mtu, malaria katika mimba inaweza, na kwa haraka.

Malaria ikikosekana na una vipele na macho mekundu, mwambie daktari wazi: nina mimba ya wiki kadhaa, nimesafiri au mume amesafiri mahali fulani, nataka tufikirie Zika na dengi. Kipimo chenyewe hakipatikani dispensari. Sampuli huchukuliwa na kupelekwa maabara kubwa, kama zile za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na muda una maana: virusi huonekana kwenye damu wiki ya kwanza ya ugonjwa, kwenye mkojo huendelea kidogo zaidi, kama siku 14. Ukingoja mwezi, kinachobaki ni kipimo cha kinga, nacho huchanganyikiwa kati ya Zika na dengi, na hata kwa mtu aliyechanjwa homa ya manjano. Andika tarehe homa ilipoanza. Tarehe hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Dawa ya kuiua Zika haipo. Pumzika, kunywa maji mengi, tumia parasetamoli kushusha homa. Usimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Kama ni dengi zinaweza kukutoa damu, na ibuprofeni na diklofenaki si salama katika mimba, hasa kuanzia nusu ya pili. Nasisitiza kwa sababu muuza duka atakupa "ya mifupa" bila kukuuliza kama una mimba. Na huku unaugua, lala ndani ya neti mchana, maana mbu akikuuma siku hizo huvichukua virusi na kumpelekea jirani.

Hatua ya tano: kliniki

Anza mapema, kabla ya wiki 12. Najua desturi ya kuificha mimba mpaka ionekane, lakini miezi hiyo ya kuficha ndiyo ubongo wa mtoto unajengwa.

Siku ya kwanza utachukuliwa damu na mkojo: kiwango cha damu, kundi la damu, virusi vya Ukimwi, kaswende. Usiruke hata kimoja. Kichwa kidogo cha mtoto hakiletwi na Zika peke yake. Kaswende inaweza kukisababisha, rubela pia, na pombe wakati wa mimba, na njaa kali ya mama, na virusi vingine visivyo na jina la kuogofya. Mengine tunaweza kuyazuia au kuyatibu leo. Huwa nahuzunika nikimwona mama anaogopa Zika aliyoisikia redioni, huku kipimo cha kaswende amekikwepa kwa aibu.

Utapewa neti, na katika kaunti zetu za ziwa utameza vidonge vya SP, vya kuzuia malaria, mbele ya sista kuanzia wiki ya 13, kisha kila mwezi hadi ujifungue. Kama unatumia Septrin, mwambie, kwa sababu hizo mbili haziendi pamoja. SP ni ya malaria, haina kazi kwa Zika. Usiache mojawapo ya kinga kwa sababu una nyingine.

Skani: iombe kati ya wiki 18 na 22 kama uwezo upo. Lakini skani nzuri ya mwezi wa tano haimalizi habari. Kichwa kilichopungua mara nyingi huonekana baadaye, kuanzia wiki ya 28. Kwa hiyo mama ambaye kuna sababu ya kumshuku kuwa na Zika hupewa skani zaidi ya moja, na za kulinganishwa. Zihifadhi zote kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Mama mmoja alifika kwetu na skani ya tatu, ile ya kwanza na ya pili alikuwa ameziacha kituo kingine na hazikupatikana. Namba moja peke yake haikutuambia kama kichwa kinakua.

Hatua ya sita: mtoto amezaliwa, pima kichwa

Hiki ni kitendo cha dakika mbili na ndicho ninachokiombea zaidi. Siku yenye watoto wengi wodini uzito huandikwa, na pale penye kichwa pakabaki wazi. Uliza: "Sista, kichwa cha mtoto ni sentimita ngapi?" Hutamkosea heshima.

Hupimwa baada ya saa 24, kwa sababu mtoto aliyepita njia ya uzazi kichwa hubonyea na kuvimba, na namba ya saa ya kwanza hudanganya. Tepu iwe ile isiyovutika, ya karatasi au plastiki. Ya fundi cherehani iliyochakaa hurefuka. Mvue mtoto kofia, sogeza nywele. Tepu ipite mbele juu kidogo ya nyusi, pembeni juu ya masikio, na nyuma kwenye lile nundu lililotokeza zaidi la kisogo. Ikaze iguse ngozi bila kubana. Soma. Ilegeze, izungushe kidogo, pima tena, na mara ya tatu. Andika kubwa kuliko zote, pamoja na sehemu ya kumi: 34.2, si "kama 34".

Mtoto wa kiume aliyetimiza miezi yake huwa karibu na sentimita 34.5, wa kike karibu na 33.9. Chini ya 31.9 kwa mvulana au 31.5 kwa msichana aliyetimiza miezi, hicho ni kichwa kidogo kinachohitaji uchunguzi. Njiti wana chati yao, usiwalinganishe na hawa. Na kichwa kidogo si lazima kiwe ugonjwa: wapo watoto wadogo wa mwili mzima, wenye wazazi wenye vichwa vidogo, walio salama kabisa. Ndiyo maana uchunguzi hufuata, si hukumu.

Pamoja na kichwa, angalia: ngozi ya kichwa iliyokunjamana kana kwamba imezidi fuvu, miguu iliyopinda au viungo visivyonyooka, mwili mgumu usiolegea, kilio kisichonyamaza, kunyonya kwa shida, kutetemeka au kukakamaa, macho yasiyofuata uso wako anapofikisha wiki sita. Watoto wa Zika huumia pia sehemu ya nyuma ya jicho na masikio, kwa hiyo jicho lipimwe na daktari wa macho, na masikio yapimwe, hata kama kwa nje yanaonekana mazuri.

Na kama kuna shaka yoyote wakati wa mimba, kichwa kikiwa cha kawaida siku ya kuzaliwa usifunge faili. Kuna watoto waliozaliwa na kichwa kizuri, kisha kikaacha kukua. Kila unapokwenda chanjo, wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwombe sista apime kichwa na akiandike. Miezi mitatu ya kwanza kichwa hukua karibu sentimita 2 kwa mwezi. Kisipoongezeka, dai rufaa.

Nyonyesha. Hata mama aliyethibitishwa kuwa na Zika anaambiwa anyonyeshe, kwa sababu faida ya titi ni kubwa kuliko shaka iliyopo.

Hatua ya saba: kama ni kweli mtoto ana tatizo

Kitakachokuja kwanza nyumbani ni maneno. Nyanya atauliza mlivunja mwiko gani, mwingine atasema ni chira, laana ya aliyevunja mwiko, mume atakaa kimya. Mwambie nyanya, kwa heshima yake, kwamba mbu hajui mwiko. Mama hakufanya kosa. Aliumwa na mdudu uani kwake akichambua mboga, labda hakuhisi hata kuwashwa. Nimekaa na akina mama waliojilaumu mpaka maziwa yakapungua, na nawaomba mlio karibu naye mfue nguo, mpike, mbebe mtoto, kabla ya kutoa maoni.

Kisha hospitali. Rufaa kubwa ya kanda yetu ni Jaramogi Oginga Odinga, ile tuliyozoea kuiita Russia. Omba mambo haya kwa majina: picha ya kichwa kupitia utosi, ambayo ni skani ya kawaida na hufanyika maadamu utosi haujafunga, kipimo cha macho, kipimo cha masikio, na fiziotherapia. Mtoto akikakamaa au macho yakigeuka juu, rekodi kwa simu umwonyeshe daktari, kwani sekunde kumi za video humweleza mengi. Dawa za kifafa zipo na zinafanya kazi.

Fiziotherapia isingoje mtoto akue. Utafundishwa kunyoosha viungo, kumweka upande, kumshika ili mwili mgumu ulegee, na kazi hiyo utaifanya wewe nyumbani kila siku, juu ya mkeka. Mwandikishe pia kwenye Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, kuanzia na tathmini ya hospitali. Karatasi hiyo itatumika mpaka shule. Chanjo zote apate kwa tarehe zake kama mtoto mwingine yeyote.

Wakati wa kumlisha, usimlaze chali. Mwinue, kichwa na shingo vikae kwenye mkono wako, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani, na umpe pumzi kati ya funda na funda. Akianza kukabwa, kukohoa kila anaponyonya, au midomo ikawa ya bluu, au akakataa titi tangu asubuhi, usihesabu siku zilizobaki za kliniki. Mfunge mgongoni uende naye siku hiyo hiyo.